Fleksibo ya ekzosi kwa lori la zamani: nzuri, ila kagua raba za injini kwanza

Kwa Fuso au Isuzu ya zamani ambayo bomba lake hupasuka palepale kila likichomelewa, fleksibo (kipande cha bomba chenye mikunjo kinachopinda) ya chuma kisichoshika kutu, yenye bomba la ndani, inastahili bei yake. Ile isiyo na bomba la ndani iache dukani: moshi wa moto hupiga mikunjo moja kwa moja na kuitoboa mapema.

Lakini ufa unaorudi una chanzo. Injini ikiwa imepoa, tafuta masizi meusi kwenye maungio. Kisha mmoja apige resi, mwingine aangalie: injini ikirukaruka, raba zinazoishikilia zimekufa, na hakuna fleksibo itakayovumilia. Legeza klampu, bomba likichupa pembeni, lilifungwa kwa kulazimishwa. Kagua pia hanga za sailensa, maana ikikatika moja uzito huhamia kwenye maungio ya mbele, hadi turbo.

Wakati wa kufunga, ning'iniza kila kitu kwanza, kaza mwisho. Fleksibo hukubali kupinda, haikubali kusokotwa. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na wachomeleaji wengi hawaijali: ikisokotwa hata kidogo, wavu wa nje huanza kukatika uzi mmojammoja.