Kōenji au Kichijōji: wapi pa kupanga Tokyo magharibi

Mitaa yote miwili iko kwenye reli ya JR Chūō. Kutoka Kōenji hadi Shinjuku ni kama dakika 7. Kutoka Kichijōji ni kama 15. Lakini Jumamosi, Jumapili na sikukuu, treni za haraka za mstari wa chungwa hazisimami Kōenji, na mgeni akipanda kwa mazoea hushtukia kituo chake kimeshapita. Siku hizo panda ya mstari wa njano.

Kichijōji ina bustani ya Inokashira, iliyofunguliwa 1917, na treni ya Keiō hadi Shibuya moja kwa moja. Kwa mwenye watoto, mimi ningechagua huko. Anayepanga chumba kisicho na bafu ataishukuru Kosugi-yu ya Kōenji, bafu la umma la tangu 1933.

Linalosahaulika ni taka. Kichijōji iko katika jiji la Musashino, ambako taka za kuchomwa hutolewa kwa mifuko rasmi ya kununua. Kōenji iko katika kata ya Suginami: mfuko wowote unaoonyesha kilichomo unatosha. Ufunike vizuri kwa wavu. Kunguru wakipata upenyo, hutoboa mfuko na kutapakaza mabaki ya chakula barabarani.