Koki, vitasa na shawa za vyumba vya kupanga: duka la Mwanjelwa

Vyumba vyangu vya kupangisha viko Iyunga, Mbeya, na wapangaji wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST. Mwanafunzi akimaliza masomo anafunga godoro lake, kesho yake kaingia mwingine na mkono mwingine kwenye koki ileile. Kwa hiyo dukani sikuulizia kizuri wala cha kisasa. Niliulizia spea.

Duka lenyewe liko jirani na soko la Mwanjelwa. Jina silitaji, maana nina la kulilaumu. Kijana wa kaunta alinipangia koki za aina tatu. "Mama, hii ndiyo inayotoka sana," akanipa moja inayong'aa, nyepesi kama ganda la yai. Plastiki iliyopakwa. Ya pili, ya shaba, ilinivuta mkono. Nikamwomba spana, akanipa bila kununa, nikafungua kichwa: ndani kuna washa ya mpira, ile inayouzwa kila genge la vifaa. Ya tatu ilikuwa ya kuzungusha robo tu. Laini kweli, lakini wakati wa mvua maji yetu huja na mchanga, na mchanga ndio unaoikwaruza kwa ndani. Kile kipande cha ndani hapo hawakiuzi peke yake. Nikachukua za shaba.

Kwenye vitasa ndiko nilikoridhika zaidi. Nimenunua vya silinda, aina moja kwa milango yote. Mpangaji akihama na ufunguo, au akiwa amechonga wa pili na kumpa rafiki (wanachonga, tusidanganyane), fundi anafungua skrubu moja ubavuni mwa mlango, anachomoa silinda na kuweka nyingine. Mwili wa kitasa unabaki palepale na mbao haitobolewi upya. Silinda mbili za akiba nimeziweka kabatini.

Sasa shawa ya moto. Wanaosema ni anasa hawajaoga Mbeya alfajiri ya Julai. Usipoiweka, mpangaji ataleta hita ya kuchovya kwenye ndoo, aichomeke soketi ya chumbani, na soketi itayeyuka. Nilichagua ya umeme, chapa ya Lorenzetti, kwa sababu elementi yake inauzwa peke yake. Ikiungua hutupi shawa nzima. Ila shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea 25, na kijana yuleyule mpole alitaka kunifungia waya wa milimita za mraba 2.5, "unatosha, Mama." Huo ni wa soketi! Fundi umeme wangu alidai wa 4, na wa 6 kwa bafu la mwisho lililo mbali na mita, kila shawa na swichi yake kwenye boksi, na ethi (waya wa kwenda ardhini) isiyo ya kubabaisha. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiwa ya pamoja ni ugomvi mwingine. Mimi nimeweka mita ndogo kila chumba.

Choo nimeweka cha kuchuchumaa. Wapangaji wanaochangia choo hawakubaliani nani afute kiti, na mfuniko wa plastiki ndio wa kwanza kuvunjika.

Marumaru za bafuni ni za mkwaruzo, za chumbani sentimita 40 kwa 40. Hapa nampa kijana haki yake: ndiye aliyenishauri niongeze boksi moja, kwa sababu mzigo ujao unaweza kuja na rangi iliyopishana kidogo, na kiraka kitaonekana tangu mlangoni. Ukutani, rangi ya mafuta kutoka chini hadi usawa wa kifua, na kuanzia hapo kwenda juu rangi ya maji. Dari ni ya plastiki, PVC. Bati likivuja, jipsamu hubaki na ramani ya njano, PVC unaifuta kwa kitambaa.

Lawama nyingine ni kile kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi". Koki moja ilikuja na nyuzi zimelika, haikushika bomba hata kwa tepu. Nilirudi nayo siku hiyohiyo, na risiti mkononi, nikaonyeshwa kibao. Baada ya maneno mengi walinibadilishia, lakini nauli ya bajaji ilikuwa yangu. Na kirikuu chao cha kupeleka mzigo kina bei yake pembeni, kwa hiyo ulizeni kabla hamjalipa.

Vitasa na koki nitafuata tena hapo, na kila koki nitaifungulia palepale kaunta. Waya nanunua kwingine, fundi akiwa pembeni yangu.