Uzoefu wangu: Kukagua gitaa la umeme la mtumba kabla ya kulilipia

Gitaa ninalolieleza hapa ni Fender Stratocaster iliyotengenezwa Mexico. Muuzaji mmoja wa Kariakoo aliitangaza kwa shilingi milioni moja na laki nne, akisema kila kilichomo ni cha kiwandani. Nilimwambia bei tutaizungumza, lakini kwa sharti kwamba gitaa lifunguliwe mbele yangu kabla sijatoa fedha. Aliridhia, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu wauzaji wengi hapa Dar es Salaam hukuacha upige gitaa upendavyo, ila ukitaja bisibisi hukunja uso.

Namba yake ya kiwandani huanza na MZ5: M ni Mexico, Z ni muongo wa 2000, na 5 ni mwaka, yaani 2005. Hata hivyo namba hiyo imo kwenye kichwa cha gitaa, na shingo ya Stratocaster hushikwa na skrubu nne tu, kwa hiyo inaeleza umri wa shingo pekee wala haisemi lolote kuhusu mwili. Ndiyo maana tulilegeza nyuzi, tukaitoa shingo, na tukakuta mhuri wa tarehe kwenye kisigino chake pamoja na mwingine ndani ya nafasi inamokaa, yote miwili ya mwaka huohuo. Matundu ya skrubu yalikuwa safi, hayakuzibwa kwa njiti za kiberiti kama inavyofanyika shingo ngeni inapolazimishwa. Matundu ya zamani yaliyozibwa nyuma ya kichwa, ambayo huonyesha kuwa funguo za nyuzi zimebadilishwa, hayakuwepo.

Kwa mji wa pwani kama huu, kutu nayo ni shahidi mzuri. Skrubu zilizokaa pamoja miaka mingi kwenye hewa ya chumvi huchakaa kwa kiwango kinachofanana, na hapa skrubu za bridji, yaani kipande cha chuma kinachoshika nyuzi mwilini, zilikuwa zimeshika kutu kwa usawa, huku tatu za plastiki ya mbele zikimetameta kama zimetoka dukani juzi. Plastiki hiyo ilikuwa imewahi kufunguliwa.

Kabla ya kuifungua nilichomeka waya wa gitaa, nikaweka volyumu mwisho, nikapima kila pikapu, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, kwa mita ya umeme kupitia ncha ya waya huo. Pikapu ya shingoni na ya katikati zilisoma ukinzani wa karibu kiloomu 6, kiasi cha kawaida kwa pikapu za koili (mzingo wa waya) moja, lakini ya upande wa bridji ilisoma zaidi ya 13. Kwa macho hazikuwa na tofauti yoyote: kifuniko cheupe kilekile na vichwa sita vya sumaku vilevile. Tulipoinua plastiki tukaona kuwa pikapu hiyo ilitoa nyaya za rangi nne badala ya mbili, na mbili kati yake zilikuwa zimeunganishwa na kufungwa utepe mweusi. Ilikuwa pikapu ya koili mbili zilizopangwa juu na chini. Risasi ya kuchomelea nayo ilieleza yake: kwingine ilikuwa ndogo na yenye kung'aa, ilhali kwenye kidhibiti cha volyumu ilikuwa bonge la kijivu, na ganda la waya wa jirani limeungua. Kidhibiti chenyewe kiliandikwa B500K, na viwili vya toni A250K. Stratocaster ya pikapu za koili moja hutoka kiwandani na vidhibiti vya kiloomu 250. Cha 500 huacha sauti kali zaidi ipite, na herufi B hapa humaanisha kwamba sauti haishuki taratibu kama sikio linavyotarajia, jambo linalomsumbua mpigaji wa solo anayetumia volyumu katikati ya wimbo.

Hata hivyo sikuliacha. Nyaya na pikapu hurudishwa zilivyokuwa kwa saa chache za fundi, lakini mbao ikishachongwa kwa patasi ili kuingiza pikapu pana, hairudi. Nilimulika tochi kote ndani: kingo za nafasi zilikuwa zimechongwa kwa mashine, zimenyooka, na rangi ya kiwandani ilifika hadi chini. Tena ile pikapu ya koili mbili ina manufaa yake hapa kwetu, kwa kuwa inaua mvumo wa umeme wa hezi 50 unaosikika sana kwenye kumbi zisizo na ethi nzuri. Kwa bendi ya dansi inayopiga usiku kucha ni nafuu kubwa.

Muuzaji alipoona mita na maandishi ya kidhibiti hakubishana, na tukakubaliana kwa milioni moja na laki moja. Fundi wa redio wa Magomeni aliweka kidhibiti cha A250K na kusafisha uchomeleaji, pikapu nimeiacha. Shingo imenyooka, freti (vyuma vya shingoni) zina maisha marefu bado, na gitaa linashika tuni vizuri mradi mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti, usivutwe kwa nguvu. Anayetaka Stratocaster isiyoguswa kwa ajili ya kuitunza hili halimfai, na kwa bei ya mwanzo lisingenifaa hata mimi.