Huduma ya kliniki ya homoni kwa mtoto mwenye uvimbe wa tezi ya adrenali

Mzazi ambaye mtoto wake hajafikisha hata miaka 5, naye ameanza kuota nywele za sehemu za siri, kutokwa na chunusi na kunuka jasho la mtu mzima, huambiwa mara nyingi kwamba mtoto amewahi kubalehe na kwamba asubiri. Nasi tuliambiwa hivyo katika kituo cha kwanza. Kliniki ninayoieleza hapa haikusubiri. Daktari bingwa alimpima binti yetu kimo, akakilinganisha na vipimo vya kadi yake ya nyuma, akachukua presha kwa mkanda wenye saizi ya mkono wa mtoto, kisha akaagiza eksirei ya kiganja ili kujua umri wa mifupa. Alitufafanulia kuwa androjeni, yaani homoni za kiume, ikizidi humrefusha mtoto upesi kabla ya wakati wake, ilhali kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi na misukosuko, ikizidi humnenepesha huku kimo kikidumaa, na kwamba uvimbe mmoja wa tezi ya adrenali, tezi ndogo iliyo juu ya kila figo, unaweza kutoa zote mbili.

Ninachoisifia zaidi kliniki hii ni subira yake katika vipimo. Picha ilikwisha kuonyesha uvimbe juu ya figo, lakini hawakukubali mtoto apelekwe upasuaji kabla ya majibu ya damu na ya mkojo wa saa 24 kurudi. Walitaka kwanza kuhakikisha kwamba uvimbe hautoki sehemu ya ndani ya tezi, ile inayotoa adrenalini, kwa sababu mtoto wa namna hiyo akipewa nusu kaputi bila kutayarishwa kwa dawa presha yake huweza kupanda kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Walikataa pia kuudunga uvimbe sindano ili kukata kinyama, wakisema ganda lake likipasuka seli huweza kusambaa tumboni. Ni heri utolewe mzima. Habari za saratani katika ukoo wetu waliziuliza kwa upole, wakatushauri kupima TP53, jeni inayoukinga mwili dhidi ya saratani, ambayo hitilafu yake hukutwa kwa watoto wengi wenye uvimbe wa gamba, yaani sehemu ya nje, la tezi hii.

Baada ya upasuaji, tezi iliyobaki huwa imelala kwa kuzoea kotisoli ya uvimbe, hivyo mtoto huhitaji haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, mpaka iamke. Muuguzi hakuturuhusu kuondoka wodini hadi kila mmoja wetu alipovuta dawa kwenye bomba la sindano na kuidunga kwenye sponji mbele yake. Mtoto akipata homa, dozi huongezwa kama ilivyoandikwa. Akitapika, hudungwa sindano na kukimbizwa hospitali. Dawa haikatishwi ghafla kwa hali yoyote.

Kasoro ninayoiona ni kubwa, na iko kwenye dirisha la dawa. Tulipewa vidonge vya nguvu ya mtu mzima tuvigawe kwa kisu, vikatoka vipande visivyolingana, jambo lisilofaa hata kidogo kwa mtoto ambaye miligramu chache humtosha siku nzima. Simu ya kliniki nayo haipokelewi usiku, wakati ambao homa hupenda kupanda. Kwa uchunguzi na mafunzo ninawapa alama zote. Kwa dawa, mzazi adai dozi za watoto kabla ya kutia sahihi karatasi ya kuruhusiwa.