Ryzen 5 5600G kwa kazi za steshenari Tanga, na AMD inakoelekea

Ukiingia madukani Ngamiani kutafuta kompyuta ya mezani ya kuchapa, kuskani, kusafisha picha za pasipoti na kukata video za harusi, kwa kawaida utaonyeshwa aina mbili: yenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya kampuni ya Intel, iliyokwisha tumika maofisini ughaibuni, au yenye prosesa ya mpinzani wake AMD, ya kuunga. Hapa tunaipima hiyo ya kuunga, yenye Ryzen 5 5600G.

Prosesa hii ilitoka 2021. Ina kori 6 (sehemu za kuchakata kazi kwa pamoja), inatumia wati 65, na picha inazitoa yenyewe bila kadi ya grafiksi. Iangalie vizuri ile herufi G. Ryzen 5 5600 tupu haitoi picha. Ukifungiwa hiyo bila kadi, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani bodi (ubao mkuu unaobeba prosesa na RAM) imekufa.

Wengi huharibikiwa kwenye RAM, yaani memori ya mashine. Grafiksi ya 5600G haina memori yake, inachota ya mashine. Duka likikuwekea kipande kimoja cha GB 16, njia ya data inabaki nusu na video inakwamakwama wakati wa kuhariri. Dai vipande viwili vya GB 8, aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, na bodi ikiwa na matundu manne vikae la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, la sivyo kasi uliyoilipia huipati. Bodi ikiwa ni ya aina ya B450 ya zamani, iwashwe mbele yako kabla hujatoa hela: BIOS isiyosasishwa haiitambui prosesa hii.

Sasa usafi. Soketi (sehemu ya bodi prosesa inapokaa) ya prosesa hii, AM4, ina balaa moja: pini zote 1,331 ziko chini ya prosesa yenyewe. Kwa joto na vumbi letu pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na feni, hukauka ikaganda, na fundi mwenye haraka akiivuta feni moja kwa moja, prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. Iwashe dakika kumi ipate moto, zima, chomoa waya, legeza skrubu nne kwa kupishanisha, kisha zungusha feni kidogo huku na huku mpaka iachie ndipo uinue. Pini iliyopinda hunyooshwa kwa kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile ya milimita 0.5, ukishaitoa risasi yake. Ingiza pini kwenye tundu, inyooshe polepole. Ikikatika, mara nyingi ndiyo basi. Na wa Raskazone, kando ya bahari, msiiweke dirishani: upepo wa chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye bodi.

Je, AMD ni ya kutegemewa mbele ya safari? Kwenye kompyuta za mezani, ndiyo, na sababu ni soketi. AM4 ilianza 2016, na bodi nyingi za 2018 zimepokea prosesa za hadi 2022. Intel tangu 2020 imepita soketi tatu, LGA1200, LGA1700 na LGA1851, kwa hiyo kuboresha prosesa mara nyingi ni kununua na bodi. Soketi mpya ya AM5, iliyoingia 2022, AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi, na pini zimehamia kwenye bodi, afadhali. Intel ilijipaka tope 2024 kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizoyumba kwa sababu ya volti kupanda, ikabidi iongeze warranti miaka miwili.

Lakini Intel ina viwanda vyake. AMD ilijitoa kwenye viwanda 2009 na sasa inategemea TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, kwenye foleni moja na Apple na Nvidia. Foleni ikikaza, na yeye anasubiri. Kwenye akili bandia Nvidia yuko mbele sana, na si kwa chipu tu: waandika programu wamezoea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kuandikia programu, tangu 2007, wakati ROCm, mfumo kama huo wa AMD, bado inaifukuzia. Kwenye laptopu Qualcomm, mtengenezaji wa chipu za simu, naye ameingia.

Kama una kompyuta yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 8 na kazi yako ni kuchapa tu, baki nayo, Windows 11 inaikubali. Ya kizazi cha 6 hata kwa bei ya kutupa iache hapo hapo dukani: haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliisha muda wake Oktoba 14, 2025.