Kusaka sayari za mbali: mwanga unaopungua au nyota inayoyumba?

Sayari nyingi tunazozijua nje ya Mfumo wa Jua zimepatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvizia sayari ikikatiza mbele ya nyota yake, mwanga ukapungua kidogo. Darubini ya Kepler, iliyorushwa 2009, ilipata zaidi ya 2,600 namna hii. Kwa wingi haina mpinzani, tena hutupa ukubwa wa sayari. Ila obiti, yaani njia ya sayari kuizunguka nyota, ikiwa imeinama vibaya kwa upande wetu, hatuoni kitu.

Ya pili hupima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari: mistari ya rangi katika mwanga wake husogea kidogo upande wa nyekundu, kisha hurudi upande wa buluu. Ni kazi ya subira kubwa, maana Dunia huliyumbisha Jua kwa takriban sentimita 9 tu kwa sekunde! Hata hivyo, kwa anayewaza safari, naichagua hii. Ndiyo iliyofichua sayari ya Proxima b mwaka 2016, kwenye nyota iliyo jirani nasi kuliko zote baada ya Jua, miaka ya nuru 4.2. Na hata huko, kwa mwendo wa chombo cha angani Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, ni safari ya zaidi ya miaka 70,000.