Vindaloo ya mbuzi Malindi: uchachu kwanza, ukali baadaye

Kwingi nilikokula vindaloo, mchuzi wa nyama wenye siki na pilipili, hapa mjini ni moto mtupu. Unamwagiwa pilipili ya unga kwenye mchuzi wa kawaida, viazi vimejaa, machozi yanakutoka, kisha unaambiwa hiyo ndiyo vindaloo. Mkahawa mdogo ulio njia ya kuelekea Mnara wa Vasco da Gama unaipika inavyostahili: uchachu unatangulia, ukali unafuata nyuma.

Uchachu ndio asili yake. Wareno walikuwa na desturi ya kulaza nyama katika mvinyo na vitunguu saumu. Waliiteka Goa, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1510, na Wagoa wakaigeuza desturi hiyo: mahali pa mvinyo wakatia siki ya tembo la mnazi, wakaongeza bizari, karafuu, mdalasini, na pilipili nyekundu iliyoletwa na Wareno hao hao kutoka Amerika. Kwao hasa hupikwa kwa nguruwe. Hapa ni mbuzi, halali kabisa. Tui halimo, kwa hiyo asiyekula mchuzi bila nazi ajue mapema.

Harufu ya siki ilinifikia kabla sijanawa mikono. Mchuzi mzito, mwekundu wa kuiva, mafuta yamejitenga pembeni. Mbavu zimeiva hadi nyama inaachia mfupa, na ukitafuna unakuta thomu na siki zimeingia ndani kabisa, si juu juu. Nikamuuliza mpishi, “Mama, nyama umeilaza tangu lini?”

“Tangu jana alasiri, mwanangu. Na siki ni ya mnazi, siyo ile ya dukani.”

Pilipili inapanda kooni polepole, na bado karafuu unaisikia. Hapo ndipo ninapompa heshima yake mama huyu, maana ukali kila mtu anaweza. Kuutia ukali bila kuua viungo vingine ni kazi ya mkono uliozoea.

Wali ulikuja umepoa na mgumu, warekebishe. Chukua boflo, lichovye, linafyonza mchuzi kuliko chapati. Maji ya ndimu yana sukari mno. Sahani ni shilingi 550, si bei ya kila siku kwa wengi wetu, lakini nyama unaiona.

Hupika Ijumaa na Jumapili tu, na ikifika Isha sufuria ni tupu. Pita alasiri uweke oda.